Eudelia Quiala na Nta ya Miwa Iliyoungua

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya nta ya kiwanda chetu cha sukari cha Loma Parda, mkoani Matanzas, Ndugu Eudelia Quiala anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili, msimu wa miwa unapofungwa. Uongozi umeniomba mimi, msaidizi wake wa maabara, niandike mambo mazuri tu. Nitayaandika, lakini na mengine wasinizuie.

Alianza akiwa na ndoo na koleo. Alitoa nta kwenye tope linalobaki maji ya miwa yakishachujwa, na ndani ya nta hiyo akapata viini ambavyo madaktari wanatumaini hushusha kolesteroli. Yeye mwenyewe kila Jumamosi alikula ngozi ya nguruwe ya kukaanga, na ole wake aliyethubutu kutaja kumpima damu.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mwaka ule tulipochelewa kuvuna, mashamba yalichomwa moto ili miwa ikatwe upesi. Muwa ukiungua, nta ya ganda lake huungua nayo. Mkurugenzi wa wakati huo akaja na fomu: nta ile iandikwe kuwa ni bora, ikatengenezwe vidonge vya wagonjwa wa majaribio ya dawa hospitalini.

“Ndugu Eudelia, weka saini bwana! Nani atauona moto ndani ya kidonge?”

“Mkurugenzi, tupa mshumaa motoni, kesho asubuhi nenda kauokote. Mimi sisaini ng'o!”

Wakamhamishia kazi ya kuosha chupa. Miaka miwili mizima, mtu aliyetufundisha kazi sote! Nikikumbuka nachemka. Na saini aliyoikataa niliiweka mimi, kwa woga wangu. Wagonjwa arobaini wakameza vidonge vile miezi sita, na kolesteroli katika damu yao haikushuka hata chembe. Hospitali ilipouliza, wakubwa walisema eti muwa hauna dawa. Eudelia alirudishwa maabara bila hata neno la kuombwa radhi.

Jumatatu hii imeletwa tena nta ya miwa iliyoungua, na fomu ileile ikawekwa mezani kwangu. Nimeirudisha bila saini, kisha nikawapigia simu hospitali mwenyewe kuwaambia ukweli.

Ndugu Eudelia, asante kwa kazi, na unisamehe. Sote hapa maabara tunakuombea uzee mtamu wenye afya. Nenda ukapumzike; sasa ni zamu yetu kuchukiwa.