Mazoezi ya Nasrin

Kwenye Kosta ya kutoka Arusha, mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye duka Karatu, amempakata mjukuu wake Nasrin, binti wa miaka sita. Alikuwa akimsimulia jirani yake wa siti, mzee wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, kwamba mtoto alipasuliwa mguu uliovunjika, mfupa umeshaunga, na sasa hospitali wanataka akunje goti kila siku lisije likakakamaa.

“Na anakunja?” mzee akauliza.

“Akikunja analia, baba, na machozi ya mjukuu siyawezi. Kwa hiyo mazoezi nayafanya mimi. Yeye ananihesabia.”

Mzee alitengeneza shuka lake taratibu. “Na uji wake unamnywea?”

Nilimkumbatia mwanangu niliyempakata, nisicheke.

“Ndama wetu mguu ukishaunga,” mzee akaendelea, “tunamsimamisha hata akilia. Ukimbeba, utambeba mpaka awe ng'ombe.”

“Usimfananishe mjukuu wangu na ndama.”

“Simfananishi, mama. Ndama anatembea.”

Bibi akasema mazoezi yenyewe hayana ubaya. Magoti yake yaliyomsumbua miaka yote yamelainika, na sasa anainuka kwenye sijida bila kushika ukuta.

Kosta ikasimama stendi ya Karatu.

“Bibi, nishuke mwenyewe?” Nasrin akauliza, vidole vya mguu tayari vinatafuta sakafu.

“Kesho, mwanangu.” Bibi akachuchumaa, akambeba mgongoni, akashuka ngazi kwa wepesi wa msichana. Nami nikakubali moyoni kwamba mazoezi yale yanaponya.