Mzizi wa "Kula" na Posa ya Katembo

Jumanne saa nne asubuhi, Papa Kanyamibwa, mfugaji wa Nyamitaba, alikuwa bado hajajibu posa ya Katembo. Katembo ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Kijiweni wanamwita Depo kwa sababu ya duka lake. Anataka kumwoa Umurerwa, binti wa mzee huyo. Mzee na Katembo walikuwa kwenye benchi la ubao mbele ya duka hilo, wakinywa kahawa na mwalimu Edmond, yaani Diksioneri, na Damien wa pikipiki, yaani Radio.

KANYAMIBWA: Uko muntu muzuri, Depo. Lakini uko wa mbali. Bababu zetu hawakukulaka pamoja.

EDMOND: Papa, nani anajua? Bazungu ba mambo ya lugha balichukua verbe, yaani kitenzi, ya kula. Kilatini, edere. Ku India ya zamani, ad. Balilinganisha, bakarudisha verbe ya babu yabo: ed.

DAMIEN: Nani aliisikia?

EDMOND: Hapana muntu. Njo maana banaiwekeaka nyota mbele.

DAMIEN: Nyota, kama ya koloneli!

EDMOND: Sasa sie. Kinyarwanda ya Papa, kurya. Kinande ya Depo, erirya. Kata kichwa, ku na eri: inabakia rya na rya. Babu mumoja.

KATEMBO: Umesikia, Papa? Balikulaka ku sahani moja!

DAMIEN: Na ule babu alikuwa anakaa hapa hapa, sababu ya maziwa ya ng'ombe. Mutoto mwenye kufuga akabakia. Mutoto wa biashara akaenda Butembo kutafuta kamio ya kubeba mizigo.

EDMOND: Kamio hazikukuwaka, Radio.

DAMIEN: Njo maana alikawia kurudi.

Kanyamibwa aliweka kikombe chini.

KANYAMIBWA: Kumbe tuko ndugu.

KATEMBO: Kabisa!

KANYAMIBWA: Basi Umurerwa iko dada yako. Mbele ya doti, ile mahari, tunaulizaka ukoo. Ukoo moja, hapana ndoa.

Katembo alimgeukia Edmond.

KATEMBO: Diksioneri, umeniua. Rudisha ile verbe kwenye uliitoa!

EDMOND: Mie nilisema lugha, sikusema damu.

DAMIEN: Ulisema babu! Na kama ed na rya nazo ziko za babu mumoja? Bazungu bajomba zetu, Bahindi bashemeji. Hapana muntu ataoa tena duniani. Siku ya arusi nitabeba nani ku pikipiki yangu?

Mama Consolée, mke wa Kanyamibwa, alifika na maziwa ya kuuza dukani. Alielezwa kesi yote akiwa amesimama.

CONSOLÉE: Asubuhi Depo alikuwa mbali sana. Sasa iko karibu sana. Papa Umurerwa, weye na mie hatuna verbe moja tu, tuko nazo zote, Kinyarwanda nzima. Basi mie niko nani kwako?

Kanyamibwa alimaliza kahawa, akasema wazee wa upande wa baba yake Katembo waje Jumamosi.

Walifika. Waliulizwa ukoo, wakautaja. Haukuwa wa Kanyamibwa. Posa ilipokelewa siku hiyo.