Maji Moto ya Mzee Spana

Mheshimiwa Meneja, Daktari uliyeturudishia mtu wetu, Mama mwenye Mzee Spana wake, mafundi wenzangu, na nyinyi mliofuata soda tu: anayesimama mbele yenu ndiye fundi bomba hodari kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Nikinusa sinki, nakutajia nyumba nzima ilikula nini juzi. Shule sikumaliza, sawa, lakini nani kati yenu mliomaliza anaweza kuzibua choo cha ghorofa ya nne akiwa na shati jeupe na likabaki jeupe?

Leo tunamuaga bosi wangu, Mzee Spana, anayestaafu miaka mitatu kabla ya siku yake kwa sababu moyo umekataa kazi nzito.

Mwaka jana alirudi kutoka kupima damu, uso umemshuka, akanipa karatasi. Nikasoma: kolesteroli, saba nukta nne. Nikampa mkono. "Hongera, Mzee! Mimi darasani sijawahi kupata saba!"

"Mjinga wewe," akasema. "Hii haitakiwi kuzidi tano. Mafuta yanaganda kwenye mishipa ya moyo. Nimepewa vidonge, kila siku, nisikose."

Sasa ndugu zangu, ukimwambia fundi bomba kwamba mafuta yameganda, unategemea afanye nini? "Mzee," nikamwambia, "miaka yote tunazibua mabomba ya jikoni kwa maji moto, lako lina tofauti gani?" Basi akawa anatembea na chupa ya chai ya lita mbili, anakunywa maji yanayofuka, jasho linamtiririka, nami namgonga kifuani na kutega sikio kama tunavyofanya ukutani: "Yanapita, Mzee! Safi kabisa!" Wala hakuumwa popote. Nani angejua kwamba kolesteroli haiumi, haikohoi, haipigi hodi?

Miezi mitano baadaye, tukiwa chini ya sinki la hoteli, akanong'ona, "Mkono wa kushoto umekuwa mzito."

"Si ukaze kwa wa kulia!" nikamjibu. Ndiyo akili yangu hiyo.

Daktari, tulipomkimbiza kwako, ulimwekea kibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo ulioziba, na kwa mara ya kwanza nakubali kuna fundi aliyenizidi. Ukatuambia maji moto yanaishia tumboni, hayafiki kwenye mishipa, na dawa ya moyo hainywewi kwa kusubiri maumivu.

Mama, siku ile kwenye korido ya hospitali uliuliza nani alimwambia aache vidonge. Mzee, akisukumwa kitandani na mipira ya hewa puani, akasema, "Nilisahau tu, mke wangu." Ukamfokea yeye. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hakusahau, Mama. Nilivichukua mimi, nikavitupia ndani ya sanduku langu la vifaa, chini ya gundi ya mabomba. Hivi hapa. Pakiti haijafunguliwa.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio. Ila leo, Mama, niliyoyahitaji ni ya kwako.