Dada Simu Kaponzwa na Kimya

Leo kahawa ya kijiweni nimeichemsha kwa hasira, na imenyweka kwa hasira. Benchi letu liko nje ya duka la Fundi Cherehani, na jirani yetu Dada Simu, anayepokea malalamiko ya wateja kwenye kampuni moja hapo ng'ambo ya barabara, kafukuzwa kazi na kompyuta. Mchana huu anatakiwa arudi kutia saini kwamba amekubali. Amekubali nini? Hebu niacheni!

— Kosa lako nini hasa? — Fundi akauliza.

— Kimya! Mteja kapiga simu, analia, mumewe kafa na laini bado ina jina la marehemu. Nikampa pole, nikamwacha alie. Mtambo unaosikiliza simu zetu ukaandika: mhudumu kazubaa.

— Mshenzi huo mtambo! — nikaropoka. — Ulitaka umkatize mjane?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, — akatamka Sheria. Huyu ni dereva wa teksi. Aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja tu, tangu hapo ni wakili wetu.

— Mshindo ndio nimeupata, kaka. Nisaidie.

— Tunaishtaki mashine.

— Itasimama kizimbani kwa miguu gani? — Fundi akadakia.

— Italetwa kwa mkokoteni! Ikigoma kujibu, tunaichomoa kwenye umeme. Kisheria hicho ni kifungo cha maisha.

— Thubutu! — Fundi akapinga. — Hiyo wataipandisha cheo. Mwakani itakuwa hakimu, halafu ije kuposa binti zetu, na mahari ikadirie yenyewe!

Dada Simu hakucheka.

— Nyie fanyeni mzaha, mimi nina watoto. Meneja ananiambia, si mimi, ni mfumo. Waliouleta mfumo wanasema, sisi tunashauri tu, mwamuzi ni meneja.

Mama mmoja, mgeni, aliyekuwa akisubiri gauni lake lipigwe pasi, akatua kikombe.

— Samahani wanangu. Huyo aliyemfukuza anaitwa nani?

Mimi nilikuwa na matusi tele, jina sina.

— Nauliza mtu, — mama akasema. — Wa kusimama akasema, ni mimi.

Dada Simu akainuka.

— Basi saini sitii! Waniletee huyo mtu, akae mbele yangu, aniambie yeye angemjibu nini yule mjane.

Akavuka barabara. Nikazima jiko, tukamfuata.