Raimundi Hyera na Mistari Aliyoiacha Wazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja, Bwana Raimundi Hyera anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza akiwa karani wa mafaili. Anaondoka akiwa mtunza takwimu wa kliniki zetu mbili za presha na kisukari, ya Mbinga mjini na ile ya kila Jumanne kule chini ufukweni mwa ziwa. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mganga mfawidhi wake. Siku hizi ni mgonjwa wake.

Kazi yake kubwa ilikuja pale wakubwa walipotaka kujua kama kliniki ya Jumanne ifungwe. Mtakwimu wetu, Clemence, alitakiwa kupima wagonjwa wanakaa muda gani katika kila hali kabla ya kuhamia nyingine: anatumia dawa, ameacha, amelazwa, amefariki. Raimundi ndiye aliyemwandalia. Katika jedwali lake, mgonjwa mmoja hakuwa tena na mstari mmoja. Kila hatua ilipata mstari wake, na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Kazi hiyo aliifanya akiimba nyimbo za kwaya, kwa sauti ambayo kwaya yenyewe ilishaikataa.

Picha ya kwanza ilitisha. Karibu nusu ya akina mama wa ufukweni walionekana kuacha dawa kila msimu wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Kwa picha hiyo kliniki ya Jumanne ingeonekana haisaidii na ingefungwa, na wazee wangepanda milima hadi Mbinga kufuata vidonge. Lakini Clemence aliona jambo: kila kundi lilipoacha kule Mbinga, kliniki ya chini ilipokea wagonjwa wapya ambao presha yao ilikwishatulia.

Raimundi akashuka hadi kwenye vichanja vya kuanikia usipa. Huko alimkuta Nasma, muuza samaki. Mbinga, anakopanda kuuza msimu ukiisha, aliandikishwa Nasma Ismail. Nyumbani, ambako mwenye mtoto haitwi kwa jina lake, aliandikishwa Mama Rukia.

“Kwa hiyo baba, kule juu nimeacha dawa, huku chini mimi mgeni?” Nasma alimuuliza. “Basi na umri uanze upya. Niandike msichana.”

“Umri siugusi, mama. Nitajie watoto wa wenzako.”

Akaketi nao siku kadhaa, akiunganisha mistari mama kwa mama. Wengi hawakuwa wameacha dawa hata siku moja. Kliniki ya Jumanne ipo hadi leo.

Wachache hawakupatikana. Hapo Raimundi na Clemence walishika kanuni moja: asiyeonekana haandikwi kuwa amefariki. Inaandikwa siku aliyoonekana mwisho akiwa hai, na mstari unaachwa wazi.

Mwandishi naye ana mistari humo. Wa sasa unasema amelazwa, na anajua unaofuata. Maisha yake yote aliwaambia wagonjwa wasiogope; leo anaungama kwamba yeye anaogopa kidogo. Jumapili iliyopita Raimundi alikuja wodini na kahawa ya shambani kwake Matiri, wakanywa, wakacheka habari za kwaya. Siku ya sherehe ya kumuaga, kiti cha mwandishi kikiwa kitupu, wenzetu msimhesabu haraka. Andikeni Jumapili ile, alionekana, yu hai.

Asante, Raimundi, kwa niaba ya wote uliokataa kuwafuta. Kahawa yako iive vizuri, nyumba yako iwe na amani, na mstari wako uwe mrefu.