Mapipa Yaliyoachwa Wazi kwa Ajili ya Dubu

Mgeni rasmi, Bwana Mugo, Mkurugenzi wa Wakala wa Ajira wa Upeo kutoka Nairobi, Mwenyekiti wetu, nawe Mama Gurmeet uliyetupikia, ndugu na dada mliotoka zamu, na mliokatiza usingizi kabla ya zamu: tunawasalimu nyote.

KARIBU BIRMINGHAM

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kufika katika ukumbi huu wa Small Heath licha ya mvua na foleni ya Coventry Road. Tunajua umekuja kuandikisha watu wa kwenda kufanya kazi katika hoteli za milima ya Romania, na kwamba baada ya chakula utakaa kwenye meza ile ya mbele kuwapokea. Wengi waliomo humu watapanga foleni mbele yako. Ndiyo maana tuliomba tusome risala hii kwanza.

SISI NI NANI

Umoja wetu ni wa wahudumu wa wazee na wagonjwa. Wengi ni Wakenya, wamo Watanzania na Wakongomani, na wamo wenzetu kama Mama Gurmeet, mzaliwa wa Nakuru, ambaye Kiswahili chake kinakishinda cha watoto wetu. Tunawaogesha na kuwalisha wazee wa mitaa ya Harborne na Moseley. Mwaka jana kampuni iliyowaajiri wengi wetu ilinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni. Wafanyakazi wakaambiwa watafute mwajiri mwingine upesi au waondoke nchini. Miongoni mwao walikuwa Charity na mumewe Cleopas, watu wa Rumuruti. Charity alipata mwajiri wa muda. Cleopas hakupata. Alikuja kwenu, mkampeleka milimani.

MAFANIKIO

Kwa desturi hapa tungetaja harusi, mahafali na timu yetu ya mpira. Mwaka huu tuna fanikio moja. Tulimrudisha Cleopas nyumbani, akazikwa kwa baba yake. Mama Gurmeet alipiga simu huku na huku mpaka sauti ikamkauka. Hatuna jingine la kutaja.

YALIYOMPATA CLEOPAS

Alipangiwa jikoni. Nyuma ya jiko la hoteli ile kuna uwanja wa saruji, ukingoni mwake kuna mapipa ya takataka, kisha msitu unaanza. Siku za mwanzo alimpigia Charity simu akicheka. "Huku kuna dubu," alimwambia. "Leo mmoja amekuja kula mabaki, mkubwa kama fahali."

Charity alimwuliza kama kuna ua. Lilikuwa swali la mtu wa Rumuruti. Kwao ndovu huingia mashambani, na watu wamejifunza kuzungushia nyaya za stima, kugonga mabati, na kutotembea peke yao kabla hakujapambazuka. Hotelini hakukuwa na ua. Mapipa yalikuwa ya plastiki, na meneja alikuwa ameamuru vifuniko viachwe wazi, ili wageni walio juu kwenye roshani wapate kupiga picha za dubu. Siku za wageni wengi, wapishi waliagizwa hata wamwage mabaki ya nyama pale chini kwenye saruji.

Kinachotuuma ni kwamba ng'ambo ya mto, si mbali na hapo, kuna kijiji ambamo dubu walewale hupita na watu hawadhuriki. Cleopas alikwenda huko Jumapili moja, akarudi amechangamka. Alimsimulia Charity kwamba mapipa yao ni ya chuma na yana komeo ambalo kucha haziwezi kulifungua. Mizinga ya nyuki imezungushiwa nyaya za stima. Matufaha yaliyoanguka huokotwa kabla giza halijaingia, na watoto hupelekwa shule na mtu mzima, wakienda wanaongea kwa sauti ili mnyama asishtuke.

"Dubu akipita hapati kitu, anaendelea na safari yake," alisema. "Ni kama kwetu tu. Taabu iko hapa hotelini. Tumemfundisha kwamba palipo na mtu pana chakula."

Alimweleza meneja hayo yote. Meneja alimjibu kwamba wageni hawasafiri kuja kutazama mapipa yaliyofungwa. Basi akapiga simu ofisini kwako, mgeni rasmi. Aliyepokea alimwambia avumilie, mkataba ndio kwanza umeanza.

Asubuhi moja ya Septemba, ukungu ukiwa umelala chini, Cleopas alitoka na ndoo za mabaki. Dubu jike alikuwa nyuma ya mapipa, na watoto wake walikuwa upande huu, karibu na mlango wa jiko. Cleopas akajikuta katikati yao. Mpishi mwenzake alisikia ndoo zikianguka. Alipofungua mlango, Cleopas alikuwa bado anapumua na dubu alikuwa bado juu yake. Gari la wagonjwa lilipofika kutoka bondeni, alikuwa amekwisha kukata roho.

Dubu yule alipigwa risasi mchana uleule. Watoto wake walikimbilia msituni, na hakuna ajuaye walikoishia.

Charity alikwenda kuuchukua mwili, akaomba aonyeshwe mahali alipofia. Saruji ilikuwa imeoshwa. Mapipa yalikuwa palepale, wazi, na dubu mwingine alikuwa amezamisha kichwa ndani ya moja. Juu kwenye roshani watu walikuwa wanapiga picha. Charity alisimama ndani ya mlango mpaka mnyama aliposhiba na kuondoka. Kisha akatoka, akafunga vifuniko kimoja baada ya kingine. Meneja alimfuata, akamwambia kwa upole, "Pole sana mama. Lakini tafadhali, viache. Kuna kikundi kingine kinakuja mchana."

Charity alituambia kwamba hakukasirika wakati ule. Alihisi baridi tu, akawa anawaza watoto wake atawaambia nini.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ripoti ya ofisi yako inasema Cleopas alimkaribia mnyama kwa uzembe. Maneno hayo ndiyo waliyosomewa wazazi wake. Baba yake alimwuliza Charity kwenye simu, "Kwani kijana wangu alisahau alikolelewa?"

Tumesoma pia matangazo yako mapya. Yanataja hewa safi na mandhari. Neno dubu halimo.

Wala usidhani tunakuja kwenye meza yako kwa kutojua. Tunajua, na bado tutakuja, kwa sababu viza zetu zinakwisha.

MAOMBI

Tunaomba usimpeleke mtu kwenye hoteli yoyote inayowalisha dubu, jambo ambalo hata sheria ya nchi ile inalikataza. Mapipa yawe ya chuma, yenye komeo. Anayekwenda afundishwe kabla ya kuanza kazi, kwa lugha anayoielewa, namna ya kutembea na namna ya kurudi nyuma bila kukimbia, na asitumwe nje peke yake asubuhi. Watu wa ng'ambo ya mto wanaweza kuwafundisha. Wametuambia kwa simu kwamba wako tayari. Hatuna ugomvi na dubu. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuzoeshwa watu.

Tunaomba ripoti isahihishwe, kisha baba yake Cleopas asomewe upya.

Ombi la mwisho linamhusu Charity. Tulitaka asome risala hii mwenyewe. Alikataa. "Nikisoma nitalia," alisema, "naye atanipa pole, na mambo yataishia kwenye pole." Yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Mwajiri wake wa muda aliachana naye mwezi uliopita. Watoto wake wako kwa nyanya yao, wanasoma, na wanamtegemea yeye peke yake sasa. Alijiandikisha kwenu. Juzi alipata jibu: nafasi ya jikoni, hoteli ileile.

Tulimsihi asiende. Akatuuliza, "Niende wapi?"

Anasafiri wiki ijayo. Tunakuomba umbadilishie hoteli. Na kama hilo limeshindikana, tunakuomba upige simu leo, kabla hujaondoka ukumbini humu, mapipa yale yafungwe kabla hajafika.

Mungu akurudishe Nairobi salama, akubariki wewe na jamaa yako, na awatazame kwa huruma wote watakaopanda milima ile kwa mkono wako.

Ni sisi,
Umoja wa Wahudumu wa Afrika Mashariki,
Small Heath, Birmingham.

Imesomwa na Nyambura, Katibu.