Verna Haugland na Waya wa Juu

Marehemu Verna Haugland alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika Bonde la Tansy, Montana, mtoto wa pili wa Nils na Berta Lund. Alizaliwa jikoni, theluji ikiwa imefika madirishani. Familia inasema wazi jambo ambalo mwenyewe hakulificha: maisha yake yote aliwaogopa elki, wale kulungu wakubwa wanaoshuka milimani kila majira ya baridi na kukatiza shamba letu kwa mamia.

Alisoma shule ya bondeni, yenye chumba kimoja, kuanzia 1947 hadi 1955. Septemba ya mwaka wa pili, msimu wa kupandana, dume mmoja alimkimbiza hadi juu ya rundo la kuni la jirani. Alikaa huko tangu saa tisa mpaka jirani alipotoka kukamua ng'ombe. Tangu siku hiyo, dume akilia kilimani, Verna aliweka chini chochote alichoshika.

Alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyethubutu kubakiza karoti.

Tarehe 15 Juni 1963 aliolewa na Orrin Haugland. Kila Novemba mosi Orrin alishusha waya wa juu wa ua wa mashariki, ili ndama wa elki waweze kuruka. Orrin alifariki Agosti 1986, na Novemba ile Verna aliuacha waya juu.

"Wasipite kwangu," alimwambia jirani yake Hobart. "Wazungukie huko mbali."

"Elki hawazunguki, Verna. Wanaruka, au wanakwama."

Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1987, ndama alinasa miguu ya nyuma kwenye seng'enge, akaning'inia kichwa chini. Mama yake alisimama hatua tano pembeni, masikio nyuma. Verna alitoka. Plaisi ya kukatia waya ilimponyoka mara mbili.

"Mama mwenzangu, usinipige teke," alisema. "Na mimi ninao wawili ndani ya nyumba."

Alikata waya, ndama akaondoka akichechemea. Verna alitapika kwenye theluji, kisha akaingia kumalizia kukaanga viazi.

Tangu mwaka huo alishusha waya mwenyewe kila Novemba, mara thelathini na saba. Binti yake Karin aliwahi kumuuliza kama ameshazoea.

"Nizoee nini? Naogopa vilevile. Ila kumwona ndama mwingine pale naogopa zaidi."

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2024, na Oktoba hakuweza tena kuinuka. Kuanzia Novemba mosi, kila siku aliuliza, "Waya umeshushwa?" Mwanawe Dale alijibu, "Tayari, mama." Dale ameomba jambo hili lisomwe hapa: haikuwa kweli. Mwaka 1987 aliyaona yote kutoka dirishani, na tangu hapo hakuwahi kuusogelea ua ule.

Verna alifariki tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu asubuhi. Saa nne Dale alikuwa kwenye ua ule wa mashariki, Karin amemshika koti kwa nyuma. Kundi lilikuwa limeshafika, ndama wakiwa mbele, pumzi zao zikionekana. Dale alilia kwa woga, lakini alifungua waya, nguzo baada ya nguzo, mpaka ya mwisho. Yeye na Karin wakarudi nyuma, na elki wakapita wote.

Ameacha watoto wawili, Dale na Karin, wajukuu wanne, na dada yake Solveig.

Pumzika sasa, mama, usiulize tena. Waya uko chini.